Dakika Nane Ndani ya Duara la Butiama

Mwisenge, Musoma
Jumapili, alasiri

Mwanangu Wegesa,

Nilipoteza leseni yangu ya urubani miaka saba iliyopita, Jumanne moja ya mwezi wa saba, kati ya saa moja na dakika kumi na mbili na saa moja na dakika ishirini asubuhi. Dakika nane. Nazitaja kwa hesabu kwa sababu katika nyumba hii tumekuwa tukiitaja habari ile kwa hasira tu, na hasira haina dakika.

Kesho unapanda basi la Mwanza, na kutoka huko treni mpaka Dar es Salaam, kwenye chuo cha urubani. Habari za sabuni, shuka na watu wa kuwasalimia njiani mama yako ameshakwambia mara tatu, sitaziongeza. Ninaandika juu ya fomu yako. Leo asubuhi ulipokuwa kanisani niliichukua kuangalia kama picha imebandikwa sawasawa, nikafika mstari wa kumi na nne. "Je, mzazi au mlezi wako amewahi kufutiwa leseni au cheti chochote cha usafiri wa anga? Kama ndiyo, eleza sababu." Umeandika kwa penseli: Hapana. Fomu inataka wino. Kwa hiyo bado hujaamua.

Nilimwonyesha mama yako. Akasema, "Mwache mtoto apite. Nani atafukua mambo ya miaka saba?" Inawezekana hakuna wa kufukua. Lakini wewe na mimi tuna jina moja la ukoo, na faili langu liko ofisi zile zile zitakazopokea fomu yako. Ukiandika Ndiyo, nafasi yako anaweza kupewa mwingine, maana walioomba ni wengi na viti ni vichache. Ukiandika Hapana halafu wakagundua, utarudishwa nyumbani ukiwa umeshaonja. Nimejaribu kupima ipi nzito na sikupata jibu. Nilichopata ni kwamba wewe huwezi kupima kabisa, kwa sababu habari yenyewe unaijua nusu, na nusu hiyo niliyekupa ni mimi.

Unaijua hivi: karani Masatu alimsomea baba saa za uongo, baba akaruka, baba akakamatwa. Hivyo ndivyo nilivyosema hapa mezani, hivyo ndivyo nilivyosema kilabuni, hivyo ndivyo nilivyomwambia padri.

Unajua nilianza na ufagio. Nilitoka Bunda na darasa la nne, nikaacha pamba ya mzee shambani, nikapata kibarua hapa Musoma kwenye kiwanja cha ndege, miaka miwili kabla ya Uhuru. Kazi ilikuwa kufagia, kufukuza ng'ombe kwenye njia ya kurukia na kuviringisha mapipa ya mafuta. Baada ya ufagio nikashika spana. Baada ya spana nikakaa kiti cha kulia cha ndege ya misheni, na mwaka wa kumi na moja nikakaa cha kushoto, na leseni ya rubani binafsi mfukoni. Rubani binafsi haruki kwa mshahara. Anaruka kwa shughuli zake, na ndege ilikuwa ya chama chetu cha watu watano, injini moja, viti vinne. Hayo nimekusimulia mpaka umeyachoka.

Ambalo sikukusimulia ni Kiingereza. Mtihani wa leseni niliufaulu mara ya pili, kwa kukariri. Nilikariri maswali na majibu yake kama tulivyokaririga Kilatini cha misa: nilijua kuitikia, tena kwa sauti nzuri. Lakini ukiniwekea karatasi mpya mbele, nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja moja. Na kama kulikuwa na mtu nyuma yangu kwenye foleni, mawe yaliteleza. Basi nikajitafutia njia. Kila nilipofika dirishani kwa Masatu, pale zilipokuwa zinapokelewa taarifa za marubani, nilikuwaga na haraka. Nasema, "Nisomee bwana, mikono ina grisi." Na kweli ilikuwa na grisi. Nilikuwaga naipaka kabla ya kuingia.

Hilo hata mama yako halijui. Sasa unalijua wewe.

Nikueleze mpango wa safari ile ulivyokwenda, maana hesabu zake zilikuwa sahihi zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyokula nyingine.

Jumatatu nilitandaza ramani ya anga mezani, hapa hapa ninapoandika. Nikapiga mstari kutoka Musoma mpaka kiwanja cha majani karibu na Bunda. Maili thelathini na mbili za angani. Ndege ile ilikwenda maili tisini kwa saa, yaani moja na nusu kwa dakika, hivyo dakika ishirini na moja na kidogo. Halafu nikapaka penseli ukanda wa maili kumi kila upande wa mstari, kwa sababu upepo hausomi mstari wako. Chochote kilichomo ndani ya ukanda huo lazima ukijue kabla hujatia mafuta.

Watu walioko chini wanadhani anga ni la kila mtu. Anga lina vipande vyenye wenyewe. Kuna vilivyokatazwa moja kwa moja, hapo hakuna cha kuomba. Kuna vyenye masharti, vinafungwa kwa muda na kufunguliwa, na ukitaka kupita unamwomba mwenye funguo. Na kuna vya hatari, kama sehemu wanazofanyia mazoezi ya mizinga. Hivyo vya hatari mara nyingi sheria haikuzuii kuingia, lakini mzinga haujui sheria. Kwa kila kipande utauliza kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kutoka kimo gani mpaka kimo gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na funguo anazo nani. Baadhi ya majibu yamechapwa pembeni mwa ramani. Usitosheke nayo. Mwaka ule watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na ramani yangu ilionyesha vijiji ambavyo chini havikuwa na hata kuku, na mistari mipya ya nyumba niliyoiona kwa macho haikuwamo kwenye ramani. Kama ramani ilikuwa haijui watu walipo, ingejuaje anga lililofungwa jana? Ya leo unayapata kwenye taarifa za leo.

Na sisi watu wa huku tulijua jambo moja bila kusoma popote. Butiama wakija wageni wa taifa, anga la Butiama linafungwa. Duara la maili kumi, kutoka ardhini mpaka futi elfu nane juu ya usawa wa bahari. Jumatatu ile sokoni walikuwa wanasema wageni wanakuja, barabara inamwagiwa maji ili vumbi litulie. Nikaangalia mstari wangu. Butiama ilikuwa maili nane mashariki yake, katikati ya safari. Nane ni ndogo kuliko kumi. Mstari wangu ulikuwa unakata duara, maili kumi na mbili ndani yake.

Nikapiga hesabu ya kuzunguka. Kupinda magharibi, kuelekea upande wa Majita, maili tano, ili niliache duara kwa maili tatu nzima, kisha kurudi kwenye mstari Bunda. Safari inaongezeka maili moja na nusu. Dakika moja, Wegesa. Nusu lita ya mafuta. Niliichora kabisa kwa nukta nukta, ramani bado ninayo na nukta zinaonekana.

Kisha nikaenda dirishani kwa Masatu na grisi yangu.

"Butiama je?" nikamuuliza.

Akachukua simu ya maandishi iliyotoka Mwanza. "Imefungwa kesho. Saa tatu mpaka saa sita."

"Kimo?"

"Elfu nane. Unakwenda wapi?"

"Bunda kwa mzee. Haamini kama naruka."

"Hata mimi siamini," akasema, tukacheka wote. Alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tunakula sato pamoja kwa yule mama wa bandarini.

Nikaandika kwenye kiberiti: 3 – 6. Nikaona nimepona. Kama wanafunga saa tatu asubuhi, mimi nitaondoka saa moja, nitakuwa nimerudi kabla ya saa tatu, sina haja ya kupinda. Zile nukta za upande wa Majita nikaziacha.

Sasa hesabu yenyewe. Taarifa za marubani dunia nzima zinaandikwa kwa saa za Griniwichi, ili rubani wa huku na wa ng'ambo wasome saa ile ile. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa tatu ya karatasi ni saa sita ya saa ya ukutani ofisini, na saa sita ya ukutani asubuhi, kwa mdomo wetu, ni saa kumi na mbili. Ukitaka kutoka karatasi kwenda Kiswahili, toa tatu. Tatu toa tatu, hakuna kitu, jua linachomoza. Sita toa tatu, saa tatu asubuhi. Kwa hiyo anga lilifungwa kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, yaani saa zile zile nilizozichagua ili nisiliguse. Masatu alisoma tarakimu kama zilivyo. Mimi nilizisikia kama mtu anayeuliza saa sokoni. Mzungu asingekosea namna ile, kwake saa tatu ya asubuhi bado ni usiku, angeshtuka. Sisi saa tatu yetu ni ya chai.

Niliruka saa moja na dakika tano. Hewa ilikuwa imetulia, ziwa nyuma yangu jeupe, kisiwa cha Rukuba kinaonekana kama nundu ya ng'ombe. Redio ilikuwa inafanya kazi. Ningewaita Mwanza ningejibiwa, na wangenigeuza. Sikuwaita, kwa sababu ile ile ya dirishani: kukariri kunafika mahali unaulizwa jambo ambalo hukulikariri. Saa moja na dakika kumi na mbili niliingia kwenye duara, dakika ya ishirini nikatoka, na katika muda huo wote nilikuwa naimba.

Babu yako alikuwa amesimama pembeni mwa majani na fimbo yake. Akaizunguka ndege mara moja, akaigonga bawa taratibu kama anavyogonga ng'ombe wa kununua.

"Hiki ndicho kilichokuzuia kulima?"

"Ndicho, baba."

"Kinakula nini?"

"Petroli."

"Basi ng'ombe ana nafuu."

Lakini alikuwa anacheka, na alishawaita majirani. Bibi yako alikuwa amepika. Mzee akasema, "Kaa ule." Nikamwambia siwezi, anga la Butiama linafungwa saa tatu. Akatazama juu, akasema, "Linafungwa na nani? Mlango siuoni."

Sikula. Niliruka saa mbili na dakika tano ili niwahi, nikakata duara mara ya pili, dakika nane nyingine. Kama ningekubali ugali wa mama yangu, huyo ambaye wewe umebeba jina lake, nikala polepole kama mtu mwenye adabu, ningeruka baada ya saa tatu na shitaka lingekuwa moja badala ya mawili. Musoma nilitua saa mbili na dakika ishirini na sita. Landrova ilikuwa imeegeshwa kando ya njia ya kurukia, na watu wawili wamesimama. Hawakunipiga, hawakunitukana. Waliniuliza jambo moja kwa siku mbili: nani alikutuma. Nikajibu kwa siku mbili kwamba nilikuwa nakwenda kwa baba yangu.

Baada ya wiki tatu nikaitwa Mwanza, mbele ya watu watatu. Masatu naye aliitwa, akakaa benchi la nyuma. Afisa wa katikati, mtu mpole, akanisogezea ile simu ya maandishi.

"Soma."

Nikasoma tarakimu. Mwishoni mwa tarakimu kulikuwa na herufi moja, Z.

"Herufi hiyo unaijua?"

"Naijua. Saa za Griniwichi." Niliijua, Wegesa. Swali hilo lilikuwa kwenye mtihani na nililipata.

"Sasa kwa nini uliruka?"

"Karani alinisomea vingine."

Masatu akaulizwa. Akasimama, akasema, "Nilimsomea kama ilivyoandikwa. Mimi si rubani." Kisha akakaa.

Yule afisa akanigeukia. "Karatasi ilikuwa umbali gani na macho yako?"

"Hatua moja."

"Kwa nini hukuichukua ukasoma?"

Palikuwa na jibu la kweli, fupi kabisa, na nikaliona kama naona njia ya kutua. Nikasema, "Mikono ilikuwa na grisi."

Hivyo ndivyo lilivyoandikwa kwenye faili. Leseni ikafutwa. Masatu akapewa onyo la maandishi, akatolewa dirishani, akapelekwa stoo kuhesabu mapipa, na huko ndiko alikostaafia. Sasa yuko Bweri analima mihogo. Chama chetu nacho kilivunjika mwaka uliofuata, ndege ikaenda na mtu wa Mwanza. Mimi nikarudi kwenye spana, na babu yako aliwasimulia watu habari ya ile ndege mpaka alipokufa, bila kuniuliza kwa nini sikuja nayo tena.

Kinyongo changu na Masatu bado kipo, sitakudanganya. Neno moja lingetosha: "za Griniwichi." Mtu aliyekaa dirisha lile miaka sita alijua watu wanasikiaje saa. Lakini ukiniambia nigawe lawama mafungu kumi, leo nampa matatu. Saba yangu. Kwa miaka saba nimekuwa nikimpa yote kumi, na nikakukataza hata kumwamkia. Mwaka jana nilikuona sokoni ukimpigia goti, na yeye akakuuliza masomo. Nilijificha nyuma ya magunia ya dagaa mpaka mlipomaliza.

Huko uendako utapewa saa kwa mdomo mara nyingi, na watu wazuri, wanaokupenda. Muulize kila mmoja: saa za nani? Kisha chukua karatasi mwenyewe. Kwenye daftari andika zote mbili, ya karatasi na ya kwetu, ubavu kwa ubavu. Ukikosa jibu, hesabu kwamba limefungwa, uzunguke, na mafuta ya kuzunguka uwe umeyabeba. Ukiwa juu uliza tena, maana wageni huchelewa na anga linaongezewa saa bila wewe kujua. Kiingereza unacho, kunishinda mimi mara kumi. Grisi yako itakuwa kitu kingine, sijui ni nini. Utajua utakapojikuta unaipaka.

Sasa fomu. Ukiandika Hapana, sitakwenda kukushitaki, na kesho nitabeba sanduku lako mpaka kituoni kama nilivyopanga. Nafasi umeipata kwa akili yako, sina haki ya kukuharibia kwa kosa langu, na hilo nimelifikiria tangu asubuhi mpaka kichwa kikauma. Ukiandika Ndiyo, usiandike niliyoyasema Mwanza. Nafasi waliyoacha ni mstari mmoja, na sababu inaenea humo: "Hakusoma taarifa mwenyewe kwa sababu aliona aibu kusoma Kiingereza mbele ya watu, akamlaumu karani." Wino wa bluu. Wakiniuliza nitasema hivyo hivyo, na nitaweka sahihi.

Ila ukiandika Ndiyo watalifungua tena lile faili, na Masatu ataitwa, mzee yule, apande basi mpaka Mwanza kuulizwa mambo ambayo alikwisha kuyajibu vizuri mara ya kwanza. Sitaki ayasikie kwao. Itanibidi nichukue baiskeli leo hii niende Bweri nimwambie kwa mdomo wangu, na yeye analala mapema. Ndiyo maana siwezi kungoja jibu lako la kesho kituoni, wala barua kutoka Dar es Salaam.

Umekwenda kumuaga bibi mzaa mama yako, utarudi kabla ya giza na utaikuta barua hii juu ya sanduku. Isome yote, usimwombe mama yako ushauri, uje uani nilipo. Usinieleze sababu na usinihurumie. Mstari wa kumi na nne, Wegesa: unaandika Ndiyo au unaandika Hapana? Nataka neno moja, kabla ya saa mbili usiku wa leo.

Baba yako